Mgawo wa Sauti ya Aurelia

Matanga ya Sylvester yalipokwisha, wali ukaliwa, masufuria ya kuazima yakasuguliwa na kurudishwa kwa wenyewe, ukoo ukajipanga uani kugawana alichokiacha. Wazee walikalia viti vya plastiki, wanawake walikalia mikeka, na Aurelia, mjane, aliwekewa kigoda karibu na mlango wa jiko, mahali ambapo mtu anasikia kila kitu lakini akitaka kujibu inabidi apaaze sauti. Pawatila, ile trekta ndogo ya kulimia, ilikwenda kwa Polikarpo, mdogo wa marehemu, ambaye kikao kilikuwa kimemteua msimamizi wa mirathi kwa vile ni mtu wa kuchomekea shati. Shamba la mpunga kule bondeni lilirudi kwenye ukoo. Kitanda, baiskeli na mbuzi vilipata wenyewe bila kelele. Jembe moja lilibishaniwa kwa muda kwa sababu mpini wake ulikuwa mpya.

Mzee Raimundi, baba mdogo wa marehemu na mwenyekiti wa kikao, aliuliza kama kuna kilichosahaulika.

"Imebaki sauti," alisema Polikarpo.

Wazee wakaitikia. Ilikuwa kweli, sauti ilikuwa haijagawanywa.

Tangu asubuhi Aurelia alikuwa akiomba kimoyomoyo wasiikumbuke. Imeshawahi kutokea. Evelina, mjane wa kitongoji cha jirani, wakwe zake waliisahau kwa sababu ya ugomvi wa mabati, na mpaka leo anapiga vigelegele vyake mwenyewe kwenye harusi za watu. Lakini Polikarpo hakuwa mtu wa kusahau. Tangu utotoni alikuwa akikagua vipande vya nyama bakulini kabla ya sala ya chakula.

"Shemeji," alisema Aurelia, "sauti iko mwilini mwangu. Mkiichukua nitabaki na nini?"

"Hata shamba lilikuwa mikononi mwako, shemeji," Polikarpo alimjibu kwa upole, maana hakuwa na ugomvi naye. "Hakuna anayekuchukia hapa. Tunafuata utaratibu. Ile uliyokuja nayo ni yako, hatuigusi. Iliyoongezeka ukiwa ndani ya ndoa ni mali ya marehemu."

Ikabaki kujua alikuja na kiasi gani. Mwalimu Barnaba, kiongozi wa kwaya ya kigango, alikuwa amekuja kutoa pole na bado alikuwa na sahani mapajani. Mzee Raimundi alimwomba awasaidie, yeye akiwa ndiye mtaalamu. Mwalimu alinawa mikono, akafuta midomo, na kwa bahati mbaya alikuwa mtu mkweli.

"Mwaka alioolewa alikuja kwangu nikampima kwa kinanda," alisema. "Hakufika mbali, wazee wangu. Alikuwa wa sauti ya pili, na hiyo ya pili yenyewe kwa kumbembeleza. Hizi noti za juu mnazozisikia Jumapili amezitafuta hapa hapa, kwa jasho lake. Sijawahi kuwa na mwanafunzi kama huyu."

Alidhani anamsifu. Alipoona Polikarpo ametabasamu ndipo alipoelewa alichokifanya, akaweka sahani chini na hakuigusa tena.

Mwalimu alisema alichokijua. Asichokijua ni kwamba Aurelia alizaliwa na sauti ndefu. Kwao ni Uchindile, milimani, kwenye mashamba ya misonobari, na alipokuwa msichana mdogo ndiye aliyekuwa akitumwa nje ya jiko kumwita kaka yake Beno aliyekuwa ng'ambo ya bonde na mbuzi. Sauti ilivuka bonde, ikapanda mlima wa pili, ikamkuta Beno, na hakuna aliyeiona kuwa kitu cha kusifiwa, kama vile hasifiwi mtu kwa kuwa na miguu. Kisha akaolewa huku chini, karibu na Ifakara. Bibi harusi wa huku huinamisha macho na kujibu kwa kasauti kadogo, hivyo padre alipomuuliza kama anakubali, waliokaa benchi la pili hawakusikia jibu. Watu walimsifu. Siku ya kwanza ya kwenda kwaya mama mkwe alimshika mkono mlangoni akamwambia kwamba mke wa nyumba hii haimbi juu ya wenye nyumba. Basi mbele ya kinanda cha Mwalimu Barnaba alimeza nusu ya sauti na kutoa nusu. Ilikuwa adabu tu, na adabu hiyo ndiyo iliyomponza.

Sauti isiyotumika hushuka. Baada ya miaka michache, mama mkwe alipokwisha kufariki, Aurelia aliitafuta sauti ya Uchindile asiikute. Ilibidi aipandishe upya, noti kwa noti, na mahali pa kufanyia kazi hiyo palikuwa kwenye dungu.

Mpunga ukianza kukomaa, kwelea kwelea hushuka bondeni kwa makundi, na kila mwenye shamba hujenga dungu, jukwaa la miti katikati ya majaruba, akakaa hapo kutwa akiamia ndege. Wengine hupiga makopo na kukemea mpaka makoo yanakwaruza. Aurelia aliamia kwa mazoezi. Alitetemesha midomo kama mtoto anayejifanya anaendesha pikipiki. Alivuta pumzi mpaka tumboni. Alianza chini kabisa akateleza kwenda juu bila kukata, kisha akashuka tena. Mwalimu Barnaba alikuwa amemwonya asiisukume noti kutoka kooni. Aifungulie nafasi, halafu angoje. Kuna mahali sauti ya kifuani inapokabidhiana na sauti ya kichwani, na hapo sauti yake ilikuwa ikivunjika kila mara. Alikaa mahali hapo msimu mzima akienda na kurudi, mpaka siku moja akapita bila kusikia kovu.

Sylvester alikuwa chini akitengeneza kingo za majaruba. Yeye hakujua kuimba hata kidogo; akiimba ilikuwa kama mtu anayeburuta benchi. Lakini noti mpya ilipotokea aliijua, akavua kofia yake ya majani akaipunga kuelekea kwenye dungu, kisha akairudisha kichwani akaendelea na jembe. Aurelia alimpenda mwanamume yule kwa mapenzi makubwa, na si vibaya kulisema hilo wazi, kwa sababu baadaye lilikuja kutumika dhidi yake.

Basi ukoo ukaamua. Noti za juu zikapangiwa Agnella, dada wa marehemu, kwa vile wanaume hawakuwa na matumizi nazo. Aurelia alisimama katikati ya uwanja akaimba kuanzia chini. Alipofika mwisho wa zile alizosemekana amekuja nazo, Mzee Raimundi aliinua mkono, na Agnella akasogea, akafumba macho, akafungua mdomo kama anayepokea komunyo. Kila noti Aurelia aliyoimba kutoka hapo iliingia kwa Agnella na haikurudi. Wanawake mkekani walisema zinanukia mchele mpya. Ile ya juu kabisa Aurelia aliishikilia kwa muda mrefu kuliko ilivyotakiwa, na Polikarpo akakohoa kumkumbusha.

Walimwachia chumba cha nyuma mpaka atakapojua pa kwenda. Hakwenda popote. Kaburi la Sylvester lilikuwa huku, kwaya ilikuwa huku, na kabla ya Majilio kigango chao kilikuwa kinapandishwa kuwa parokia. Mwalimu Barnaba alikuwa ametunga wimbo wa siku hiyo, na aliutunga kwa kipimo cha sauti ya Aurelia, kama fundi anavyokata kitambaa kwa kumwangalia mwenye gauni. Kuimba wimbo ule ndicho kitu pekee alichokuwa akikitaka duniani. Kila siku alijaribu tena mazoezi yake, akatetemesha midomo, akateleza kwenda juu, na kila mara sauti iligonga mahali pale pale kama kichwa kinavyogonga mlango mfupi. Juu ya hapo palikuwa na mwenyewe.

Msimu wa ndege Agnella ndiye aliyepelekwa kwenye dungu. Noti alikuwa nazo zote lakini hakuwa na pumzi wala mafunzo, na zilimtoka kama mtu aliyekanyaga msumari. Kwelea kwelea walihama bonde lile kabisa wakaenda upande wa Chita, na ukoo ukavuna vizuri. Kutoka chumba cha nyuma Aurelia alizisikia noti zake tangu jua linachomoza. Alizijua moja moja. Alijua ipi ilikuwa ya mwaka wa mafuriko na ipi ya mwaka ambao Sylvester aliumwa na jino. Siku aliposhindwa kuvumilia alikwenda mpaka chini ya dungu.

"Wifi," aliita, "unaisukuma."

"Zinanichoma koo, wifi," Agnella alijibu kutoka juu, kwa sauti iliyokwaruza. "Nikilala zinanikereketa. Wewe ulikuwa unakaaje nazo?"

"Usiisukume. Fungua nafasi, halafu ngoja."

Agnella akajaribu. Noti ikatoka laini, ikapita juu ya mpunga, na Aurelia akashika mguu wa dungu.

Agnella alishuka ngazi wakagawana muhogo wa kuchemsha. Hakuwa mwanamke mbaya. "Na mimi mume wangu akifa," alisema akitafuna, "nduguze watakuja kuzidai hizi."

"Watakuwa na haki. Zimeongezeka ndani ya ndoa."

Wakacheka kidogo, wote wawili, kisha Agnella akapanda tena kwenye dungu kwa kuwa kazi ilikuwa haijaisha.

Baada ya mavuno Aurelia alikwenda mahakamani. Beno alipanda treni Mlimba akaja kumtolea ushahidi, amevaa koti la harusi yake mwenyewe. Hakimu alikuwa mama mpole mwenye miwani, aliyesikiliza kila mtu bila kumkatiza. Upande wa ukoo ulileta mashahidi waliokuwa kanisani siku ya ndoa, na wote walisema kitu kimoja: bibi harusi alikuwa na sauti ndogo sana, ya kuhurumiwa.

Beno alieleza habari ya bonde la Uchindile na ule mlima wa pili.

"Uliwahi kuipima hiyo sauti?" hakimu alimuuliza.

"Sikuipima, mheshimiwa. Nilikuwa naitwa kula. Nilikuwa nakimbia."

Hakimu aliandika hilo. Kisha akamgeukia Aurelia. "Kama ulikuwa na sauti hiyo, mama, kwa nini hukuitoa siku ya harusi yako, mbele ya mashahidi?"

"Nilikuwa naonyesha adabu, mheshimiwa."

"Mahakama inaiheshimu adabu hiyo," alisema hakimu, na alimaanisha. Alivua miwani akaifuta. Kisha akasema mahakama haiwezi kufanya kazi na sauti isiyosikika, na kwamba kilichosikika siku ya ndoa ndicho alichokuja nacho. Noti zibaki zilipo. Aurelia alimshukuru, maana ndivyo mtu anavyofundishwa, na Beno akamnunulia soda.

"Turudi nyumbani, dada," Beno alisema stesheni, wakisubiri treni iliyochelewa kama kawaida yake. "Kule kuna nafasi."

"Nitakuja kufanya nini? Kukuita kula? Haitavuka hata kijito."

Beno alimshika bega, akapanda treni na koti lake mkononi.

Sasa, mtu aliyezibiwa juu hana budi kwenda kwingine. Aurelia alikuwa akimlilia Sylvester kila alfajiri wakati wa kuwasha moto, na alilia amefunga mdomo ili wenye nyumba wasimsikie. Kilio kilipokosa njia ya juu kikaanza kushuka. Jumamosi moja kwenye mazoezi ya kwaya alikosea mwanzo wa wimbo, akaanza na noti iliyo chini ya ile ya chini kabisa aliyokuwa nayo, na noti ikakubali. Mwalimu Barnaba aliacha kupiga kinanda, akamwangalia, akaendelea.

Wiki iliyofuata akapata nyingine. Hakuitafuta kwa mazoezi. Alikaa tu karibu na kaburi, akakumbuka jinsi Sylvester alivyokuwa akipuliza chai ambayo imeshapoa, na sauti ikafunguka chini yake kama mlango wa ghala. Ilipofika miezi ya joto alikuwa ameshapita sauti ya tatu. Mwisho akahamia kwa wanaume wa sauti ya nne, na Fulgensi, kiongozi wao, mtu wa kifua kikubwa anayejivuna kwa kifua hicho, alisogea kwenye benchi akampa nafasi. Aurelia alishuka mpaka chini yake, kisha akaendelea kushuka.

Noti hizo za chini hazikufanana na za dungu. Akiimba, kambale walitoka kwenye tope la mfereji nyuma ya kanisa na kulala ukingoni, na watu waliondoka ibadani na kitoweo. Maji ya baraka yalitetemeka kwenye bakuli lake. Lakini jambo lililovuta watu lilikuwa jingine: aliyesikia alimlilia Sylvester, hata kama hakuwahi kumwona. Akina mama waliokuja kutoka Mlimba kuuza mchele, wakapita kanisani kupumzika tu, walitoka wanafuta macho na kuulizana yule bwana mwenye kofia ya majani alifariki lini.

Mwalimu Barnaba alichukua wimbo wake wa siku ya parokia akaupindua. Kilichokuwa juu akakishusha chini. Alikesha nao, akafuta, akaandika upya, akamletea Aurelia mwenyewe mpaka mlango wa chumba cha nyuma.

"Nilikukosea siku ile," alisema. "Uimbe huu."

Aurelia aliushika wimbo kwa mikono miwili. Tangu msiba ulipoingia hakuwahi kujisikia hivyo. Alikula chakula chote siku ile, akaosha sahani akijiimbia. Ilikuwa furaha, na ilikaa kwa siku chache.

Mzee Raimundi aliitisha kikao kingine. Viti vilikuwa vile vile na kigoda kilikuwa mahali pake karibu na mlango wa jiko. Polikarpo alisimama akarekebisha mkanda.

"Shemeji ana noti mpya," alisema. "Sote tumezisikia. Kanisa zima limezisikia."

"Hizi sikuzipata ndani ya ndoa," Aurelia alisema. Alikuwa amejiandaa. "Sylvester alikuwa ameshazikwa. Hizi nimezipata nikiwa peke yangu."

"Ni kweli, tarehe haziongopi. Ila naomba nimuulize shemeji, kwa heshima. Umezipata kwa njia gani?"

Aurelia aliona anakopelekwa, lakini naye alikuwa mtu mkweli. "Kwa kulia."

"Kumlilia nani?"

"Mume wangu."

"Huzuni hiyo imetoka kwa nani?"

Kuku alipita kati ya viti, akatazama, akaenda zake.

"Imetoka kwa marehemu," Polikarpo aliwaambia wazee. "Angekuwa hai, shemeji asingekuwa nayo. Ni kitu alichokiacha marehemu baada ya kufa, sawa na shamba, sawa na pawatila. Yeye amekilima tu."

Mzee Raimundi alikuwa mmoja wa wale waliolia kanisani, alilia mpaka shati likalowa, na kila mtu uani alijua. Alitafuta tundu katika maneno ya Polikarpo. Uso wake ulionyesha kwamba anatafuta kwa dhati. Hakuliona.

"Ni mantiki," alisema mwishoni, kwa uchungu.

"Mimi sifungui mdomo," Agnella alisema kutoka mkekani. "Za juu zinanitosha. Hizo siziwezi, na hamtanilazimisha."

Hakulazimishwa. Polikarpo alisema zitamfaa yeye, kwa kuwa ni za kiume.

"Niachieni hata moja," Aurelia aliomba. Alipiga magoti, jambo ambalo mara ya kwanza hakulifanya. "Ya chini kabisa. Ya kumlilia tu. Sitaiimba mbele ya watu."

"Kulia hakujakatazwa, mwanangu," Mzee Raimundi alimjibu. "Lia kadiri unavyotaka."

Basi aliimba kwenda chini, na Polikarpo akasimama mbele yake amefungua mdomo. Kila noti iliyoingia ilimwinamisha mabega kidogo. Ya mwisho ilipoingia alishika mti wa kamba ya kuanikia nguo asianguke, akasema kwa sauti nzito ambayo uani pale hakuna asiyeijua, "Kaka yangu." Kisha akakaa chini kwenye vumbi, na shati lake la kuchomekea, akalia.

Kesho yake Aurelia alikwenda makaburini kama kawaida. Aliketi pale pale, akaweka kiganja juu ya udongo, akangoja. Alikumbuka kofia ya majani. Alikumbuka kwamba ilikuwa ya majani, na kwamba ilikuwa na ukingo mpana. Alikumbuka kupulizwa kwa chai. Vyote vilikuwepo, vimepangwa vizuri, kama vyombo vya mtu mwingine kwenye kabati. Alijaribu kulia, akakuta hakuna pa kulilia. Aliogopa sana, na hata woga ule ulikuwa mfupi, ukaisha kabla hajafika barabarani.

Wimbo wa parokia haukubadilishwa tena. Siku zilikuwa zimebaki chache. Mwalimu Barnaba aliugawa. Agnella apewe sehemu za juu, Polikarpo za chini, na Aurelia akae katikati na zile alizokuja nazo kama bibi harusi. Jumamosi zote zilizobaki Aurelia aliwafundisha. Hakuna aliyemwomba, alishindwa tu kukaa na kusikia sauti yake ikiharibiwa. Alimwekea Polikarpo mkono tumboni kumwonyesha pumzi inapokaa. Alimwonyesha Agnella pale pa makabidhiano, ambapo yeye alikaa msimu mzima, na Agnella akapavuka kwa saa moja.

Siku yenyewe kanisa lilijaa mpaka nje chini ya maturubai. Padre mgeni aliyekuja kuongoza ibada alikuwa ameshika kitabu, lakini wimbo ulipoanza alikifunga. Ilikuwa sauti moja. Ilianzia kwa Polikarpo, chini kabisa, ikapanda polepole, ikapita kwa Aurelia kama msafiri anayepita stesheni ndogo, ikafika kwa Agnella na kwenda zake juu ya mabati. Hakuna mtu kanisani aliyewahi kusikia sauti ndefu kiasi kile. Aurelia alisimama katikati yao akiisikia yote, kutoka Uchindile mpaka kaburini, na aliitambua. Sehemu yake ilipofika aliimba vizuri, kwa adabu, kisha akanyamaza.

Polikarpo ndiye aliyemaliza. Aliishika noti ya mwisho machozi yakimtiririka, na watu wakalia naye, na kambale wakatoka mferejini. Huzuni yake ilikuwa ya kweli. Hakuna aliyeweza kuisikia na kudhani anaigiza.

Baada ya baraka ya mwisho padre mgeni alishuka altareni, akamshika mikono yote miwili. "Pole sana, mwanangu. Ulimpenda sana huyo ndugu yako."

"Sana, baba," alisema Polikarpo.

Watu wakajipanga kumpa pole. Foleni ilianzia kwenye hatua za altare, ikatoka nje mlango mkubwa, ikazunguka ukuta. Mzee Raimundi alikuwemo, na Fulgensi, na wanakwaya na sare zao, na watu wa mbali ambao hawakujua jina la marehemu. Aurelia naye alipanga foleni, nyuma ya Evelina. Alisogea wenzake waliposogea. Alijaribu kupanga maneno ya kusema, akaona yale ya kawaida yanatosha.

Zamu yake ilipofika alinyoosha mkono.

"Pole na msiba, shemeji."

"Asante," Polikarpo alimjibu kwa sauti ile nzito, macho mekundu. "Tumeshapoa." Alimshika mkono kwa muda kidogo, kama anavyoshikwa mtu aliyefika msibani bila kumfahamu vizuri marehemu, kisha akaunyoosha mkono wake kwa aliyekuwa nyuma yake.